Kaka Bakari Amelala Upande Gani

Jamaa zangu, tangu nirudi nimeisimulia safari hii vipande vipande. Kipande kimoja nilikitoa kwenye ngazi za msikiti, kingine kwenye foleni ya duka la nyama pale Soho Road, hapa kwetu Handsworth, Birmingham, na kila aliyesikia chake amekwenda kukitia chumvi. Juzi nimeulizwa kama ni kweli nilivushwa mto kwa greda. Si kweli. Lilikuwa trekta, na haukuwa mto, ilikuwa barabara. Basi naandika yote kwa mpangilio, kituo baada ya kituo, ili asiyejua ajue na aliyezidisha apunguze.

Wengi wenu mnamjua kaka yangu Bakari kwa jina tu. Alikuwa fundi wa mashine. Kazi aliianzia kwenye shamba la mkonge nje ya Tanga, akiwa kijana wa kushikia wenzake spana, na akaimalizia Kanada, mkoa wa Manitoba, kwenye manispaa ndogo ya wakulima kando ya mto, akitengeneza mashine za kuvunia ngano. Huko ndiko alikofia, mwaka juzi mwezi wa Januari. Moyo ulisimama akiwa kazini. Siku hiyo kulikuwa na dhoruba ya theluji, barabara zote zimefungwa, hakuna wa kuingia wala wa kutoka. Wakamzika wenyeji. Sisi tulipata simu moja na picha moja: theluji, kijiti, na jina kwenye kijiti.

Mama yetu yuko Tanga, na umri wake umepita themanini. Alipoonyeshwa picha ile hakulia. Aliuliza tu, "Amelala upande gani?"

Kwa wale kati yenu wasio Waislamu: sisi maiti humlaza kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea Makka. Nikampigia mzee Walter, mkulima aliyekuwa tajiri wa Bakari na jirani yake, nikamuuliza. Akajibu, "Ndiyo, tulimgeuza kuelekea Makka." Nikampelekea mama jibu hilo. Hakulitaka.

"Mkulima wa Kizungu, katikati ya theluji, Makka kaonyeshwa na nani? Wewe una miguu na una macho. Nenda ukaone, kisha uniambie."

Kila Ijumaa nilipompigia alimaliza kwa swali lile lile. Mwaka huu aliongeza neno: "Naogopa kuondoka sijajua." Ndipo nikafunga mizigo.

Handsworth hadi Toronto

Binti yangu Zuhura alinipeleka uwanja wa ndege kwa gari lake. Zuhura kazaliwa Birmingham. Kiswahili anakisikia chote, na hukijibu kwa Kiingereza. Njia nzima nilikuwa namwagiza: maharage yako kwenye friza, mapipa ya taka hutolewa Jumanne, jirani wa kushoto ajuliwe hali. Aliniacha nimalize. Tulipofika akazima gari, akaniambia kwa Kiswahili, polepole, kama anayevuka mawe mtoni:

"Mama, ukikuta walimlaza vibaya, utamwambia bibi nini?"

 Nikambusu, nikashuka.

Nilibadilisha ndege Dublin. Kwenye ndege ya Toronto nilikaa na bibi wa Kisingasinga aliyejitanda shali ya rangi ya zambarau. Niliposema bismillahi na kufungua mkebe wangu wa visheti, akageuka kunitazama.

"Hii visheti," alisema. "Wewe toka wapi?"

"Tanga, bibi. Ila nakaa Handsworth."

"Mimi pia Handsworth! Lakini zaliwa Kisumu. Baba yangu nafanya kazi reli." Akachukua kimoja, akatafuna, akafikiri. "Sukari iko kali kidogo. Lakini nzuri. Lete ingine."

Tulikaa saa saba pamoja na mkebe ukaisha. Nilimweleza safari yangu ilivyo. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema:

"Sisi choma, halafu maji nachukua. Hakuna hangaika ya upande. Lakini bwana yangu alipokufa, mimi niliweka jivu yake miezi nane kabatini. Sikutaka peleka mto ya Birmingham. Nilisema, iko baridi, iko chafu."

"Mwishowe ulipeleka wapi?"

"Mto ya Birmingham! Yeye miaka arobaini nakula chipsi hapa, napiga kelele mpira hapa. Nani alisema yeye nataka kwenda India?" Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya shali. Kisha akanishika mkono na hakuuachia mpaka chakula kilipoletwa.

Toronto, afisa wa mpakani aliniuliza nimekuja kufanya nini. Nikasema nimekuja kumwona kaka yangu.

"Anafanya kazi gani?"

"Sasa hafanyi kazi."

"Amestaafu?"

"Hapana."

Akainua macho. "Anaishi kwenye anwani gani?"

Nikagundua ninakoelekea si kuzuri. Nikamwambia ukweli: amezikwa, nakwenda kulitazama kaburi. Yule kijana aliweka kalamu chini. Akaniambia pole, na akaniambia niongeze fulana, kwa sababu Manitoba mwezi wa Aprili bado hawajaambiwa kwamba baridi imekwisha.

Toronto, kungoja

Ndege ya Winnipeg ilifutwa. Mvua ilikuwa ikinyesha na kuganda papo hapo inapogusa chuma, na mbawa za ndege zikawa kama chupa. Nilingoja saa kumi na moja.

Nawatajia jambo moja tu la saa hizo. Kuna chumba cha ibada, hakina dirisha, na sakafuni pana mshale wa kibla. Niliswali kwa kuufuata mshale, ila kwa kukosa jua sikujua unaelekea pande gani za dunia, wala sikujali. Nilikuwa na hesabu yangu kichwani. Birmingham tunaswali kwa kuelekea kusini-mashariki. Kanada iko magharibi yetu. Ukiitazama ramani ya ukutani, Makka iko kulia na chini. Basi kusini-mashariki tena. Simu yangu haikuwa na mtandao huko, na wala sikuona haja ya kuuliza mtu. Nilikuwa na uhakika kama wa mtu anayejua kikombe kiko upande gani wa kabati lake.

Winnipeg hadi kwenye maji

Mzee Walter alikuwa aje kunichukua Winnipeg. Badala yake akapiga simu: barafu ya mtoni imevunjika, imeziba njia, mto umepanda, na barabara ya kwao iko chini ya maji. Nichukue gari la kukodi mpaka kituo cha mafuta kilicho kwenye barabara kuu. Nilale kwenye nyumba ya wageni iliyo jirani. Yeye atanifuata kesho.

Nchi ile ni bapa kama sinia. Dereva aliniambia ukimtoroka mbwa huko utamwona akikukimbiza siku tatu. Mto wenyewe wanauita Mwekundu, lakini niliouona mimi ulikuwa rangi ya chai ya maziwa, umetanda mashambani mpaka upeo wa macho, na nguzo za seng'enge zimechomoza vichwa tu.

Kwenye kituo cha mafuta pana mgahawa mdogo. Mwanamke mnene mwenye aproni ya kijani aliniuliza nakwenda wapi katika maji yote haya. Nikamwambia kwa Walter, mimi ni dada yake Bakari.

"Nani?"

"Bakari. Fundi wa mashine."

Hakumjua. Nikarudia, nikaeleza: mrefu, mweusi, ana pengo hapa mbele.

"Barry!" Alipiga kelele, wateja wawili wakageuka. "Wewe ni dada yake Barry!" Akatoka nyuma ya kaunta, akanikumbatia, unga wa aproni yake ukanibaki kifuani. Alisema Bakari alimtengenezea hita ya gari siku ambayo mate yalikuwa yakiganda kabla ya kufika chini.

Akaniuliza nitakula nini. Nikauliza, kwa woga wa kila siku, kama kuna kisicho na nguruwe.  Alikwenda jikoni akarudi na kikaango kidogo chenye herufi B iliyopakwa kwa rangi nyekundu kwenye mpini.

"Hiki ni cha Barry," alisema. "Hakuna nguruwe aliyekigusa. Bado tunakiosha peke yake."

Miaka miwili. Akanikaangia kwa siagi na vitunguu vitu fulani wanavyovipenda huko, kama sambusa iliyochemshwa, ndani viazi. Nilikula sahani mbili. Naomba msimwambie daktari wangu.

Usiku ule na alfajiri niliswali chumbani kwangu, nikielekea kusini-mashariki, kwenye kona yenye televisheni.

Kwa trekta

Walter alifika saa nne asubuhi, juu ya trekta la kijani lenye magurudumu marefu kunipita mimi. Ni mzee mwembamba, masikio makubwa, anatembea kama mtu anayepima shamba kwa hatua. Alinipa mkono, akaubakiza wake kwenye wangu kidogo zaidi ya desturi, akasema, "Una paji la uso la Barry." Kisha akanipandisha juu.

Nilikaa kwenye kiti kidogo pembeni yake, begi langu magotini. Maji yalifunika barabara kufika magoti ya mtu. Walter alifuata vijiti alivyovisimika mwenyewe kuonyesha kingo za lami. Bata waliogelea pembeni yetu bila hofu.

Nilipoambiwa "manispaa" mimi niliwazia manispaa zetu: ghorofa, foleni, karani anakwambia mhusika katoka. Hii ina watu wachache kuliko watoto wa shule ninayopikia. Nyumba zimekaa ndani ya tuta la udongo lililozunguka kama ukingo wa ungo, ili mto ukipanda ubaki nje. Pana ghala refu la nafaka, kanisa, shule, na jengo moja lenye milango mitatu: mlango wa kwanza ofisi ya manispaa, wa pili gari la zimamoto, wa tatu maktaba ambayo hufunguliwa Jumatano. Wanaume na wanawake walikuwa juu ya tuta wakitazama maji kama watu wanaomtazama mgonjwa. Wote walimpungia Walter, na mimi nikapungiwa pia.

Makaburini

Irene, mkewe Walter, alikuwa ameweka chakula. Nikamwambia, nisamehe mama, kwanza nimwone. Hakubisha. Walter alivaa tena kofia yake, akawasha gari lake.

Makaburi ni ya manispaa, yako kwenye kipande cha juu kidogo cha ardhi, nyuma ya miti isiyo na majani. Theluji ilikuwa imeyeyuka, yamebaki mabaka. Makaburi yote yamepangwa mistari iliyonyooka, mashariki na magharibi, kama madawati ya shule.

Yote isipokuwa moja. Mwisho wa mstari wa juu, kaburi moja limekaa mshazari, limekatisha mstari, kama mtu aliyelala vibaya kitandani akasukuma wenzake. Kabla ya kusoma jina nilijua.

Nilitazama jua, nikatafuta pande za dunia. Kichwa cha kaburi, penye jina lake, kilikuwa kusini-mashariki. Kama kichwa kiko huko, basi uso umeelekea pengine kabisa. Walikuwa wamemwelekeza Makka utosi.

Jamaa, nimeahidi kuandika yote, kwa hiyo naandika na hili. Sikusoma dua. Nilimgeukia mzee wa watu, nikamwambia: "Mmemtupa. Mmemlaza hovyo, hata mstari hamkumpa."

Walter alivua kofia. "Huo ndio upande wake," alisema.

"Sio. Makka iko kule." Nikanyoosha mkono kusini-mashariki.

Alitazama nilikoonyesha.  "Twende nyumbani," alisema. "Baridi hii itakuumiza."

Nilirudi kwenye gari nikiwa namwona mama tu, amekaa kitandani kwake, simu sikioni, ananisubiri nimwambie. Nikajua sitaweza kumdanganya. Nikajua pia sitaweza kumwambia.

Mezani kwa Irene

Irene alikuwa amepika samaki wa mto na wali wa nazi. Wali alifundishwa na Bakari, nazi ni ya kopo, na aliitia kwa mkono wa ukarimu hata kijiko kinasimama wima. Nilikaa mbele ya sahani ile, sikuigusa. Walter alitoka nje. Nikafikiri, nimemuudhi, na haki yake.

 Irene alikaa mkabala nami, akaanza kunieleza siku zile, huku akikunjakunja kitambaa cha meza.

Dhoruba ilipoanza, dereva wa lori, kijana wa Kisomali anayeitwa Liban, alikwama pale kituo cha mafuta. Mama wa mgahawa alimsikia akiswali, akampigia Walter: nimekupatia mtu wa dini ya Barry. Walter akamfuata kwa trekta. Liban ndiye aliyemwosha Bakari. Sanda ilikuwa mashuka meupe ya Irene, mapya, aliyokuwa akiyaweka kwa ajili ya wageni. Ardhi ilikuwa imeganda kama zege, kwa hiyo walichoma marobota ya majani ya ngano chini ya mabati, siku nzima na nusu, ndipo koleo likaingia.

"Halafu pakawa na ule ubishi wa mstari," Irene alisema.

"Ubishi gani?"

"Sheria ya manispaa inasema makaburi yote yafuate mstari. Liban akasema huyu hawezi kufuata, lazima akae mshazari. Walter akawaita madiwani. Walikuja kwa miguu katika theluji, wakakutana pale kwenye gari la zimamoto. Anayekata majani ya makaburini alikataa katakata. Alisema mashine yake inakwenda moja kwa moja, haiwezi kuzunguka mtu mmoja."

"Wakaamuaje?"

"Walter alisimama akasema, basi hapo nitakata mimi. Tangu siku ile anakata yeye, kwa fyekeo, kila wiki mbili majira ya joto. Na goti lake lile."

 Nilishasema cha kunitosha kule makaburini.

Uzi

Mlango ukafunguliwa. Walter alirudi amekumbatia tufe la dunia, lile la kufundishia watoto shuleni. Akaondoa sahani ya samaki, akalitua katikati ya meza.

"Irene, uzi."

Irene akatoa uzi mweusi kwenye kopo la sindano.

"Weka kidole chako Makka," Walter aliniambia. Nikaweka. Yeye akaweka chake kwenye nukta ya wino aliyoitia mtu pale Manitoba. "Sasa vuta mpaka unyooke."

Nikavuta. Nilikuwa nangoja uzi uende kulia na chini, uvuke Atlantiki, kama kwenye ramani yangu. Haukwenda huko. Nilivyozidi kukaza ndivyo ulivyozidi kupanda, ukateleza juu kaskazini-mashariki, ukapita bahari iliyoganda, ukagusa Greenland, ukashuka Ulaya, ukaja chini ya kidole changu.

"Tena," nilisema.

Tukarudia. Ukateleza tena, pale pale. Walter akakata uzi kwa urefu ule, akanipa. "Sasa upitishe kwa njia yako."

Nikaupitisha kwa njia yangu, kusini-mashariki, nikiubana kwa vidole usitoroke. Uliishia Libya, jangwani. Haukufika.

Hapo nikatulia, nikafikiri kwa mpangilio. Uso kaskazini-mashariki, ubavu wa kulia chini, basi kichwa kitakuwa kusini-mashariki. Sawasawa na nilivyokikuta. Kaka yangu alikuwa amelala kama anavyotakiwa kulala, na mimi ndiye niliyekuwa nimeswali usiku na alfajiri nikiielekea televisheni.

"Mimi na Liban tulibishana saa nzima," Walter alisema. "Nilimwambia vile vile ulivyoniambia wewe leo. Nilinyoosha mkono kule kule. Alinionyesha simu yake, nikasema simu hazijui shamba. Ndipo nikaenda shuleni kuchukua hili. Nilitaka kumwonyesha kwamba kakosea."

"Mzee Walter," nilisema, "nisamehe."

"Barry naye alikuwa mgumu kushawishika," alisema, akaanza kuzungusha uzi kwenye kidole chake.

Nikamuuliza jambo ambalo sikuwa nimethubutu kuuliza kwa simu miaka yote miwili. Nani aliingia kaburini?

"Mimi na Liban. Wanahitajika wawili. Liban alishika miguu, mimi mabega. Tukamgeuza. Kisha akaniambia nifungue shuka usoni na nimlaze shavu lake kwenye udongo." Alitazama viganja vyake. "Nilivua glavu. Niliona si sawa kufanya vile na glavu."

Irene alinisogezea sahani. Nilikula wali wote, na ukoko.

Simu

Asubuhi Walter alinirudisha makaburini. Safari hii nilisimama upande ulio sahihi, nikasoma Yasini mpaka mwisho. Walter alisimama nyuma yangu na kofia mkononi. Nilipomaliza akanipa simu yake, nikampigia mama. Tanga ilikuwa alasiri.

"Mama, niko kwake. Amelala kibla."

"Umeona kwa macho?"

"Kwa macho, na nimepima. Ameelekea kaskazini, ameegemea mashariki."

Nilijiandaa kubishana naye kama nilivyobishana na Walter. Nilisahau kwamba Tanga Makka iko juu yetu moja kwa moja, na mama hajapata kuswali maishani mwake akielekea upande mwingine wowote ila kaskazini.

"Sasa ulitaka aelekee wapi?" alisema. "Kibla si kaskazini?"

"Mimi nilidhani kusini-mashariki, mama. Kama kwetu Birmingham."

"Huko Birmingham ndiko mlikokwenda kombo."  Nilisikia pumzi yake, ndefu, inatoka, kama ya mtu anayetua ndoo. Hatimaye akasema, "Alhamdulillahi. Alhamdulillahi, mwanangu." Akaniuliza nani aliyemlaza.

Nikamweleza. Mashuka, marobota ya majani, glavu, fyekeo. Nilimweleza na maneno niliyomtamkia mzee, nikagombezwa hapo hapo kaburini, kwa sauti ambayo Walter hakuhitaji mkalimani kuielewa. Alitazama viatu vyake.

"Yuko hapo?" mama akauliza.

"Yuko."

"Muulize, wao hulazwa wakielekea wapi?"

Nikamuuliza Walter. Alishangaa kidogo, kisha akaonyesha ile mistari iliyonyooka. "Mashariki," alisema. "Linakochomoza jua. Mahali pangu ni pale, mstari wa tatu."

Nikampa mama jibu.

"Mwambie nimesikia," mama alisema. "Mwambie siku yake ikifika, kama mimi bado nipo, nitageukia mashariki nimwombee. Na kama sipo, nimeshawaagiza watoto."

Nikamtafsiria Walter neno kwa neno. Aligeuzageuza kofia. Kisha akaichukua simu kwa mikono miwili, akaiweka mdomoni kama kikombe, na akamwambia mama kwa Kiingereza, taratibu na kwa sauti ya juu kama wanavyosemezwa watu walio mbali:

"Mstari wa tatu, mama. Wa tatu kutoka getini."